Jiko la moshi la umeme: kabla hujaweka nyama



Watu wa pwani hawakungoja umeme ndipo waujue moshi. Samaki wa kubanika ni chakula cha zamani kuliko kumbukumbu za babu zetu, na neno lenyewe la kubanika laonesha kwamba wazee walipambanua mambo mawili: kuchoma, ambako ni kazi ya makaa makali na muda mfupi, na kubanika, ambako nyama au samaki huwekwa juu ya moto mdogo mpaka joto na moshi vimpitie taratibu. Kinachoingia sasa katika baadhi ya nyumba za Tegeta, Bunju, Mbagala na Chamazi si elimu mpya, bali ni chombo kipya: sanduku la chuma lenye mlango, kimo chake kama friji ndogo, linalochomekwa ukutani na kubanika nyama kwa saa nyingi bila mtu kupepea mkaa. Wauzaji hulitaja kwa majina mengi. Sisi tutaliita jiko la moshi la umeme.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa miaka 10, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wali umeshahamia kwenye gesi katika nyumba nyingi, na maharage yanahamia kwenye sufuria za umeme. Nyama ya kuchoma ndiyo iliyobaki na mkaa. Kwa hiyo si ajabu familia yenye uwezo ikilitazama sanduku hili kwa hamu, hasa Idi inapokaribia. Tatizo ni kwamba kijitabu kinachokuja ndani ya boksi kiliandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine, umeme mwingine, miti mingine, ng'ombe mwingine, na mara nyingi dini nyingine. Tutayasema yale ambayo kijitabu hakiyasemi.

Tuanze na namna linavyofanya kazi, maana asiyeijua atalilaumu bure. Chini ya sanduku kuna koili ya umeme kama ya jiko la kawaida, na juu yake kuna kisahani kidogo cha vipande vya mti. Koili inapopata moto, vipande vile haviwaki ndimi za moto, vinafuka tu. Juu zaidi kuna bakuli la maji, kisha rafu za waya ambazo nyama hukaa, na juu kabisa tundu la kutolea moshi. Kidhibiti joto huwasha na kuzima koili ili sanduku libaki katika joto lile ulilochagua, ambalo kwa kazi hii ni kati ya nyuzi 105 na 120 za Selsiasi. Nyingi ya mashine hizi huishia nyuzi 135, basi asitarajie mtu kupata humo ule ukoko mweusi wa mishkaki ya barabarani. Mishkaki iacheni na makaa yake.

Ni muhimu kufahamu kwamba nyama humu haiivi kwa moshi. Inaiva kwa joto dogo la muda mrefu, na moshi ni kiungo tu, kama iliki kwenye chai. Kipande kigumu cha nyama kimeshikwa na nyuzi ngumu zinazoizunguka misuli, na nyuzi hizo huanza kuyeyuka na kuwa laini kama utelezi wa supu ya kongoro pale joto la ndani ya nyama linapozidi nyuzi 70 na kukaa hapo kwa saa kadhaa. Jamaa zetu walioko Muscat wanalijua hili vizuri kuliko wenye mashine. Nyama yao ya shuwa, inayopikwa Idi, hupakwa viungo, hufungwa katika majani makavu ya mgomba au mnazi, hutiwa ndani ya mfuko uliosukwa, kisha hufukiwa katika shimo lenye makaa kwa siku nzima au hata mbili. Ikifukuliwa, huachana na mfupa kwa kuguswa tu. Jiko la umeme ni shimo hilo la Waomani lililosimamishwa wima na kuwekewa swichi.

Sasa umeme. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, na plagi yetu ni ile ya meno matatu bapa. Umeme wa Dubai na Oman ni wa kiasi hicho hicho, kwa hiyo mashine inayotoka huko haina shida. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambayo huenda ndugu akaileta kama zawadi au ikakutwa Kariakoo kati ya vitu vilivyotumika, ni ya volti 120. Ikichomekwa hapa bila transfoma inayoiweza, koili itaungua na pengine na nyaya za nyumba pamoja nayo. Kibandiko cha nyuma ya mashine kinasema volti na wati zake. Kisomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Transfoma ndogo ya redio haifai kwa kazi hii.

Mashine za kawaida za nyumbani huwa na wati 800 hivi. Hata tukihesabu kana kwamba koili haikuzimika kamwe, saa 6 ni chini kidogo ya uniti 5 za LUKU, na kwa kuwa kidhibiti joto huizima kila inapofika kiwango, matumizi halisi huwa chini ya hapo. Si gharama ya kutisha kwa siku moja ya Idi. Lakini familia iliyo katika daraja la matumizi madogo, ambalo uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni za bei nafuu, ijue kwamba kubanika kila wiki kutaila nafasi hiyo na uniti zitakazofuata ni za bei kubwa zaidi. Na katika nyumba ya kupanga ambamo wapangaji wanachangia mita moja, heshima inataka kuwaambia wenzio mapema na kuchangia zaidi mwezi huo. Vinginevyo nyama itakuwa tamu kwako na chungu kwao.

Waya wa kurefusha umeme, ule mwembamba unaotumiwa kwa feni na chaja za simu, usitumike. Mzigo wa saa nyingi huupasha joto waya huo mahali usipotazama, chini ya zulia au nyuma ya kochi. Kama soketi haipo karibu na uwani, fundi aiweke. Jiko lenyewe litakaa nje, chini ya paa au turubai, kwa sababu mvua na umeme havipatani. Halitakaa jikoni, wala sebuleni na madirisha wazi. Wapo wanaodhani kwamba neno umeme maana yake ni hakuna hewa mbaya. Vipande vya mti vinavyofuka hutoa hewa ile ile ya sumu isiyo na harufu ambayo hutolewa na jiko la mkaa, ambayo imewaua watu wengi waliolala na mkaa chumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Tusiuhamishe moshi kutoka uwani tukauingiza ndani kwa jina la maendeleo.

Katika mitaa yetu iliyobanana, kama Tandika au Mwananyamala, nje yako ni dirisha la jirani. Moshi wa mkaa wa mishkaki ni wa nusu saa; huu ni wa saa nyingi. Nguo zake zipo kwenye kamba, mtoto wake pengine ana pumu. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharri (R.A.) aongeze maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani, na hapo ulikuwa ni mchuzi tu, ambao harufu yake haifiki mbali. Basi mpelekee jirani habari siku moja kabla, muulize anafua lini, na sahani yake ihesabiwe katika nyama tangu bucha. Nyumba ambayo haina uwani wala hewa, sisi tunasema waziwazi: msinunue. Chungu kizito chenye mfuniko na moto mdogo wa gesi kitawapa nyama laini ile ile, ila haitakuwa na harufu ya moshi.

Siku ya kwanza hakuna kupika. Ndani ya mashine mpya kuna mafuta ya kiwandani na vumbi la chuma. Rafu na bakuli zioshwe kwa sabuni, kuta zipakwe mafuta ya kupikia kidogo kwa kitambaa, kisha mashine iwashwe tupu katika joto lake la juu kwa saa 3, na katika saa ya mwisho iwekewe vipande vichache vya mti. Harufu ya plastiki ikiisha na ikabaki ya mti, imekuwa tayari. Mkifanya hivyo mtagundua pia kama soketi inapata joto, jambo ambalo ni afadhali mlijue wakati hakuna kilo 3 za nyama ndani.

Kuhusu mti, hapa ndipo vijitabu vinapotuacha kabisa. Vinataja miti ya Amerika ambayo mfuko mmoja mdogo uliovuka bahari huuzwa kwa bei ya kuku. Hatuihitaji. Mpera ni mti mzuri sana kwa kazi hii, moshi wake ni mtamu na hauna ukali. Mkwaju una moshi mzito zaidi, unaifaa nyama ya ng'ombe. Matawi ya mchungwa na mlimau yanamfaa kuku na samaki. Tawi likatwe, likauke kivulini kwa miezi, kisha lipasuliwe vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole. Tawi bichi hutoa moshi wa mvuke unaoacha uchungu ulimini.

Mwembe unatumiwa na baadhi ya watu, lakini mwembe na mkorosho ni wa jamaa moja, na utomvu wa miti hiyo huwawasha baadhi ya watu ngozi na macho, sisi tunaiacha. Msonobari una utomvu wa lami, haufai kwa chakula. Mnyaa wa uzioni una maziwa ya sumu, wala usikaribie sanduku hata kwa bahati mbaya. Watoto wanaotumwa kuokota vijiti waelezwe. Mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi. Na mabaki ya mbao kutoka kwa mafundi seremala, ambayo pale Keko hupatikana kwa wingi, yanaonekana kama neema lakini nani ajuaye zimepakwa nini? Dawa ya mchwa, gundi na vanishi vikipata moto hupanda juu, na juu ndiko iliko nyama.

Kuna aina moja ya vipande ambayo Waislamu tunapaswa kuikodolea macho. Katika maduka ya ng'ambo huuzwa vipande vilivyopasuliwa kutoka katika mapipa yaliyohifadhi pombe kali kwa miaka, na sifa yake inayotangazwa ni kwamba mti umeinywa pombe ile. Vinaweza kuja vikiwa zawadi ndani ya boksi la mashine. Maandishi ya mfuko yasomwe. Tumefundishwa kuliacha lenye shaka tukashika lisilo na shaka, na kwa kuwa mpera upo uwani, shaka hiyo haina faida yoyote. Vijitabu hivyo pia huelekeza bia au mvinyo wa tufaha katika bakuli la maji, na sosi zenye pombe. Bakuli linataka maji tu. Kazi yake ni kutuliza joto na kuizuia nyama isikauke. Anayetaka harufu na atie maganda ya chungwa, vipande vya tangawizi au maji ya ukwaju.

Mashine iliyotumika ina swali lake lenyewe, maana nyumba nyingi za ng'ambo hulinunua jiko hili kwa ajili ya nguruwe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, wanachuoni wengi wanauhesabu unajisi wa nguruwe kuwa ni mzito, unaosafishwa kwa kuosha mara 7, mojawapo kwa udongo. Rafu zinaweza kutolewa na kuoshwa hivyo. Lakini kuta zilizoshiba mafuta kwa miaka, zenye nyaya za umeme nyuma yake, zitaoshwaje? Mwenye mashine ya aina hiyo amwulize sheikh wake wa karibu akiwa na maelezo kamili. Ushauri wetu ni mfupi zaidi: mashine ambayo historia yake haijulikani ibaki dukani, hata ikiwa bei yake ni ya kutupa.

Twende bucha. Ng'ombe anayefika mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti ni ng'ombe wetu wa nundu, aliyetembea malishoni, si yule aliyefungiwa na kulishwa nafaka mpaka akajaa mafuta kama anayepigwa picha vitabuni. Kidari chake ni chembamba na hakina mafuta mengi. Ukikibanika kwa saa 12 kama wanavyoelekeza utapata kandambili. Lakini Mwenyezi Mungu amempa nundu. Nyama ya nundu ina mafuta yaliyopita katikati ya misuli, na joto dogo la muda mrefu ndilo hasa linaloifaa. Wabrazili, ambao ng'ombe wao wengi nao ni wa nundu, wanaiheshimu sana nyama hiyo katika kuchoma kwao. Hapa kwetu muuza nyama huikata pamoja na mchanganyiko bila kuitaja. Mwambieni mapema awawekee kipande kizima cha kilo 2. Bega la mbuzi lenye mfupa nalo ni zuri, na mbavu za ng'ombe zenye nyama. Nyama ya paja iacheni kwa ajili ya pilau.

Viungo visiwe vingi. Gramu 15 za chumvi kwa kila kilo ya nyama, ambazo ni vijiko 3 vya chai visivyojaa, zipakwe usiku na nyama ilale ndani ya friji. Asubuhi ipakwe kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na bizari nzima iliyotwangwa. Kina mama waliozoea kulainisha mishkaki kwa papai bichi wasilitumie hapa. Utomvu wa papai hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapofika nyuzi 60 hadi 70, na katika makaa makali nyama hupita kiwango hicho kwa dakika chache, lakini katika jiko hili itakaa hapo saa nzima au zaidi. Itatoka rojorojo, kama iliyokwisha kutafunwa.

Mtu asianze na nundu. Aanze na kuku wa kisasa wa kilo moja na robo, aliyepasuliwa mgongo na kutandazwa, katika joto la nyuzi 120. Baada ya saa mbili na nusu au 3 atakuwa tayari, na mpishi atakuwa ameshajua tabia za mashine yake. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine: ataiva lakini hatatafunika. Huyo achemshwe kwanza mpaka alainike, supu yake inywewe, kisha apate saa moja tu ya moshi.

Tunasisitiza kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano, ambacho gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mashine. Kuku ameiva sehemu nene ya paja ikifika nyuzi 74, hata kama nyama karibu na mfupa ina wekundu, kwa sababu moshi huweza kuiacha nyama iliyoiva ikiwa na rangi hiyo. Rangi inadanganya pande zote mbili. Nundu na bega hulainika zikifika nyuzi 90 hadi 95. Mashine nyingi zimeandikwa kwa vipimo vya Kimarekani vya Farenhaiti, na kuna mtu atakayeona 225 akaogopa. Toa 32, gawanya kwa 1.8, utapata Selsiasi: 225 ni nyuzi 107, na 250 ni nyuzi 121. Iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni.

Siku yenyewe hupangika vizuri na sala. Baada ya Alfajiri jiko huwashwa tupu, na saa 1 asubuhi nundu huingia. Kiganja kimoja cha vipande vya mti hutosha kwa dakika 45 au saa moja, na baada ya saa 3 za kwanza hakuna haja ya kuongeza tena. Nyama imeshachukua ilichokitaka. Moshi mzuri ni mwembamba, unaelekea rangi ya samawati, karibu usionekane. Moshi mweupe mzito kama wa takataka ni ishara kwamba vipande ni vibichi au vimezidi, na atakayeufurahia ataula uchungu wake. Mlango usifunguliwe kila mtoto anapotaka kuchungulia. Kila ukifunguliwa joto lote hutoka, na mlo husogea mbele.

Karibu na Adhuhuri litatokea jambo linalowavunja moyo wengi. Nyama iliyokuwa ikipanda vizuri itasimama nyuzi 65 au 70, na inaweza kukaa hapo saa moja, mbili, hata zaidi. Mashine haijaharibika. Maji yanatoka juu ya nyama na kuipoza kama jasho linavyompoza mtu, mpaka jasho hilo lipungue. Asiye na haraka aswali, apumzike. Mwenye wageni wa saa 9 aitoe nyama, aifunge katika jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalegea, juu yake karatasi ya aluminiamu, na kuirudisha. Itaendelea kupanda. Ikifika kiwango chake ipumzishwe ikiwa imefungwa, nusu saa, kabla ya kisu.

Je, umeme ukikatika? Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilipoanza kuingia kazini mwaka 2024 nchi ina umeme mwingi zaidi, lakini nguzo huanguka, mafundi hufanya matengenezo, na LUKU nayo huisha. Kwa wali haina madhara makubwa. Kwa nyama hii ni hatari ya kweli, kwa sababu iliwekwa katika joto dogo kwa makusudi. Vijidudu vinavyoharibu chakula huzaliana kwa kasi baina ya nyuzi 5 na 60. Kipande cha kilo 2 ambacho umeme umekikuta na nyuzi 40 kiko mahali pabaya kabisa: kina uvuguvugu wa kuvikuza vijidudu, hakina joto la kuviua.

Basi hesabu ni hii. Umeme ukizima, mlango usifunguliwe kwa dakika 20, kwani sanduku hushika joto. Usiporudi, sindano ya kipimajoto iingizwe. Kama ndani ya nyama ni zaidi ya nyuzi 60, kuna nafasi ya kufikiri. Kama ni chini ya hapo, nyama ihamishwe mara moja kwenye chungu juu ya gesi pamoja na maji kidogo, imalizikie humo. Itakuwa tamu bado, maana moshi umeshaingia. Kwa hiyo mtungi wa gesi wenye gesi ni sehemu ya vifaa vya jiko la umeme. Nyama iliyosahauliwa katika uvuguvugu kwa saa 2, au saa moja katika jua la Januari na Februari, itupwe. Inauma, na israfu tumekatazwa, lakini kuichemsha upya hakuiokoi, kwa kuwa baadhi ya sumu zinazoachwa na vijidudu haziondoki kwa moto. Wazee na watoto wadogo ndio watakaolipa.

Idi ya kuchinja huleta dhana nyingine, nayo ni kwamba nyama iliyopita katika moshi imehifadhiwa. Wazee walihifadhi kwa chumvi nyingi, jua na siku nyingi za moshi, mpaka nyama ikawa kavu kama ubao. Nyama laini ya saa 8 ina maji tele ndani yake, na ni chakula kilichopikwa kama kingine chochote: friji kabla ya saa 2 kupita, iliwe ndani ya siku 3 au 4, ama igandishwe kwenye friza. Siku hizo 3 zitawakumbusha wasomaji kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kukataza kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku 3, kwa ajili ya maskini waliofika Madina mwaka ule, kisha akaruhusu watu wale, watoe sadaka na waweke akiba. Ruhusa ipo. Lakini nyumba iliyonunua mashine isiifanye kuwa sababu ya fungu la maskini kupungua kwa kuwa sasa kuna namna tamu ya kulila.

Wala nyama hii si ya kila siku. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo zile za kukolezwa chumvi na moshi, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Hilo linahusu zaidi wanaozila kila siku kwa miaka. Mara moja baada ya wiki kadhaa, pamoja na kachumbari na mboga za majani, ni kiasi kinachotosha nyumba yenye furaha.

Kinachobaki sahanini kikatwe vipande vidogo na kutiwa katika maharage ya nazi au pilau ya kesho yake, moshi utaenea katika sufuria nzima. Majivu yamwagwe yakiwa yamepoa kabisa, si jioni ile ile kwenye ndoo ya plastiki. Na trei ya mafuta iliyo chini ya rafu isiachwe mpaka mara nyingine: mafuta yaliyoganda humo ndiyo yanayoshika moto koili inapowashwa tena, na panya wa uwani watakuwa wameshayagundua kabla yenu.